Meno yangu yana ganzi, naweza kung'arishwa kwa daktari?

Neema_K: Habari zenu wapendwa, nimeshaweka miadi ya kung'arishwa meno kwa daktari ila mwenzenu hata maji ya baridi yananishtua, hasa meno mawili ya juu pembeni, na nasikia ukitoka pale unapigwa shoti usiku kucha. Kuna namna ya kujiandaa au ndo navumilia tu?

mdau_afya: Pole dada, usivumilie bana. Ile peroksaidi, yaani dawa yenyewe ya kung'arishia, ndani ya dakika chache tu inapenya mpaka kwenye neva ya jino, ndo maana hata jino zima linapiga shoti. Sasa hiyo neva unaituliza mapema, tafuta dawa ya mswaki ya meno yenye ganzi, angalia nyuma ya boksi kama imeandikwa potasiamu nitreti 5%, piga mswaki nayo asubuhi na usiku wiki mbili kabla, mswaki uwe laini, ukimaliza tema povu tu usisukutue na maji mengi. Na achana kabisa na mkaa na ndimu, vinakula jino.

Baba Salma: Nakazia hapo, ila hayo mawili yaangaliwe KWANZA. Kama yametoboka, yana ufa au fizi imeshuka mzizi uko nje, hiyo dawa ya kung'arishia inapita moja kwa moja. Tundu lizibwe, mzizi ufunikwe, ndo mje kwenye weupe.

Neema_K: Asanteni sana jamani, fizi kweli imeshuka kidogo hapo. Na ile taa ya bluu wanayomulika meno wakati wa kung'arisha je?

mdau_afya: Mwambie aiache, taa inaongeza ganzi na weupe wenyewe hauzidi sana. Muulize pia nguvu ya dawa, ya kliniki mara nyingi inafika 25 hadi 40% ya haidrojeni peroksaidi, aweke ya chini na kwa vipindi vifupi, akupake na jeli ya kutuliza ganzi. Fizi ikiwaka nyoosha mkono hapohapo asafishe.

Tatu_M: Mimi na meno yangu ya hivyo nilipewa trei za kuvaa nyumbani, vile vifuniko vya meno vya kuwekea dawa, na dawa yake karbamaidi peroksaidi 10%, hiyo ni kama 3.5% tu ya haidrojeni peroksaidi. Inachukua wiki kadhaa ila ni mpole. Siku ganzi ikizidi unaruka siku, au kwenye trei unaweka ile dawa ya mswaki ya mdau kama nusu saa. Muulize daktari wako kama anazo.