Moyo wa farasi wangu uko tayari kwa kilomita 80. Je, na miguu?

Mpandaji Mpya:
Ndugu zangu, nina farasi jike wa miaka 7 ambaye nimemzoesha kwa miezi 4, siku nne kwa wiki, kwa kutembea na kwa mchakamchaka. Sasa anamaliza kilomita 25 bila dalili ya uchovu, na nikimvua tandiko mapigo ya moyo wake hushuka chini ya 60 kwa dakika kabla ya dakika 10 kupita. Ninalenga mashindano ya kilomita 80. Je, nianze kumkimbiza shoti?

Mzee wa Hatamu:
Hongera kwa kazi nzuri, lakini mapigo hayo yasikudanganye. Moyo na misuli ya farasi huimarika katika muda wa wiki na miezi michache, ilhali kano na mifupa ya miguu huhitaji mwaka au zaidi, kwa hiyo hupita kipindi kirefu ambapo farasi ana pumzi za kutosha na hamu ya kukimbia, huku miguu yake haijaweza kuhimili kasi hiyo. Wewe umo ndani ya kipindi hicho. Ongeza masafa au kasi, wala usiongeze vyote viwili katika wiki moja. Mimi ningeiacha shoti kwa miezi mingine mitatu na kutumia vilima, kwani kupanda mlima kwa kutembea huupa moyo kazi kubwa bila kishindo cha kwato. Wakati wa kuteremka, ambapo uzito huiangukia miguu ya mbele, mimi hushuka mgongoni nikamwongoza kwa hatamu.

Bi. Malisho:
Naunga mkono. Kila asubuhi pitisha kiganja nyuma ya mguu wa mbele, kuanzia chini ya goti hadi kifundoni, kisha ulinganishe na mwenzake. Farasi wangu mmoja hakuwa akichechemea hata kidogo, ila nyuma ya mguu wa kushoto palikuwa na joto kidogo na uvimbe usiozidi punje ya harage. Nikaupuuza, nikampanda, naye akakaa bandani miezi 9. Hadi leo linaniuma.

Usisahau maji pia. Katika joto farasi anaweza kutoa jasho la lita 10 au zaidi kwa saa, na jasho hilo lina chumvi nyingi kuliko la binadamu, kiasi kwamba anaweza kupungukiwa na maji mwilini bila kuhisi kiu. Mzoeshe kunywa njiani tangu sasa, na umpe nyasi kwa wingi, kwa kuwa utumbo wake mpana huhifadhi maji pamoja na nyasi hizo.

Mpandaji Mpya:
Nawashukuru sana. Nimeipapasa miguu yote minne asubuhi hii, nayo haina joto. Vilima nivipande mara ngapi kwa wiki?

Mzee wa Hatamu:
Mara moja tu kwa wiki katika mwezi wa kwanza, na kesho yake umwache malishoni apumzike.