Njia za miguu pwani ya Olympic, Washington: nianzie wapi na watoto wawili?

baba_singida

Habari zenu wandugu. Tuko Kent hapa jimbo la Washington huu mwaka wa tatu, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Kazini kuna jamaa kanionyesha picha za pwani ya Olympic National Park, magogo makubwa meupe yamelala ufukweni kama mifupa, miamba imesimama baharini na miti imeota juu yake, hakuna hoteli, hakuna barabara, hakuna hata nguzo ya umeme. Nikasema hapa lazima niwapeleke wanangu kabla shule hazijafunguliwa. Nimepata likizo siku 4 mwezi wa nane.

Sasa mimi ni mtu wa Singida, bahari nimeiona ukubwani nilipokwenda Dar kutafuta kazi. Porini nimetembea sana lakini pembeni ya bahari sijui kitu. Mtandaoni naona majina tu, Ozette, Rialto, Shi Shi, Third Beach, kila mtu anasifia ya kwake. Kibali mnakipataje, dubu vipi, na hii habari ya kwamba njia inafunikwa na maji mnaiendeaje? Tungependa kulala usiku mmoja kwenye tenti. Asanteni.

mama_wa_watatu

Karibu sana kaka. Mimi niko SeaTac, watoto wangu nimewapeleka huko mara nne. Kama ni mara ya kwanza anza na Rialto Beach, karibu na Forks. Gari inafika karibu kabisa na ufuo, alafu mnatembea kuelekea kaskazini maili moja na nusu hivi mpaka Hole-in-the-Wall, ni mwamba mkubwa una tundu na maji yakiwa chini unapita ndani na miguu yako. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 5, hakuna mlima. Si mchanga laini lakini, ni kokoto, kwa hivyo viatu vya kufunga si sandals. Katikati kuna kijito kinaitwa Ellen Creek, mtavuka miguu ilowe, bebeni soksi za kubadilisha.

Pale kwa tundu maji yakishatoka mtaona vidimbwi kwa mawe, kuna nyota wa bahari wa zambarau na wa rangi ya chungwa, msichana wangu alikaa kwa kidimbwi kimoja nusu saa akiangalia kaa mdogo amebeba gamba la konokono kama nyumba, akigeuka anageuka nalo. Waambie waangalie tu wasibandue.

Kitu moja nakuomba kama mzazi. Hayo magogo unayoona kwa picha ni mazuri kukalia wakati maji yako mbali. Maji yakipanda watoto washuke na warudi nyuma. Wimbi moja linanyanyua gogo la tani kadhaa kama kijiti na likishuka linashukia chochote kiko chini. Na msiogelee, hiyo bahari si ya Mombasa, ni baridi ya kuuma mifupa hata Agosti.

Kulala na mtoto wa miaka 7 mimi ningengoja mwaka ujao. Ozette ni maili 9 na kitu ukizunguka yote, ni mbali kwake.

mzee_wa_pangani

Baba Singida karibu, na dada hapo juu kasema vizuri, hasa habari ya magogo. (Hao nyota wa bahari kwetu tunawaita kiti cha pweza, wafundishe watoto jina hilo lisipotee.)

Mimi naona Ozette inawezekana kwa mtoto wa miaka 7, mradi msiizunguke siku moja. Njia yenyewe ni pembetatu. Unaacha gari Ziwa Ozette, unapita msituni maili 3 kasoro kidogo au na kidogo mpaka Cape Alava, unashuka na ufukwe kusini maili 3 mpaka Sand Point, halafu unarudi msituni tena maili 3 hadi kwenye gari. Jumla kama kilomita 15. Msituni sehemu kubwa unatembea juu ya njia ya mbao, mierezi imekuzunguka na ndevu za kijani zinaning'inia, hakuna kupotea. Ila mbao zikilowa zinateleza kama zimepakwa sabuni, tembeeni polepole, mimi pale nimeona watu wazima wakianguka. Mkilala Cape Alava usiku mmoja, mtoto anatembea km 5 siku ya kwanza na km 10 siku ya pili mkipumzika pumzika.

Sasa maji, maana hapa ndipo penye kazi. Mimi nimezaliwa Pangani, nimekulia kwenye mashua ya baba, maji kujaa na kupwa nayajua tangu sijaenda shule, na hiyo ndiyo iliyonipa taabu. Kwetu maji yanakupwa mara mbili kwa siku na kupwa zote mbili karibu ziko sawa, kama ya asubuhi imekausha mwamba basi na ya jioni itaukausha. Huku sivyo. Huku kuna kupwa kubwa na kupwa ndogo siku hiyo hiyo. Kiangazi kupwa kubwa mara nyingi inaangukia asubuhi, maji yanaweza kushuka hata chini ya sifuri ya jedwali (ile orodha ya saa na vimo vya maji kujaa na kupwa), halafu ile ya jioni inaishia futi 3 tu, yaani umesubiri maji yatoke na hayatoki.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na rafiki yangu kaskazini ya Hole-in-the-Wall. Asubuhi tukapita rasi moja chini ya mwamba, mawe yamejaa mwani, maji yako mbali. Nikamwambia tutarudi jioni yakikupwa tena, nikasema kwa uhakika kabisa kama mtoto wa pwani. Jioni tumefika pale maji yanapiga ukuta wa jiwe. Tukasubiri saa nzima, nimekodolea jiwe moja jeusi lenye chaza kuona kama litatokeza zaidi, halikutokeza. Giza likaingia tukapanda juu ya mstari wa magogo tukakaa pale mpaka alfajiri, tumejifunika turubai moja, mvua nyembamba inashuka usiku kucha. Hatukuumia lakini siwezi kusahau, maana jedwali nilikuwa nalo mfukoni na sikulifungua, nilijiona najua.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua jedwali la maji la La Push, ndilo kituo cha karibu. Chukua na ramani ya hifadhi, kwenye zile rasi ngumu imeandikwa futi ngapi maji yanatakiwa yawe chini yake ndipo upite. Linganisha hizo mbili. Na usipite maji yakiwa yanajaa, pita yakiwa bado yanatoka, ili ukikwama ujue yatazidi kupungua. Upepo na mawimbi makubwa vinaongeza maji juu ya jedwali, jiachie nafasi. Kati ya Cape Alava na Sand Point si pabaya sana, kuna mahali pawili hivi pa kuangalia na pana njia ya kupanda juu. Ukiona duara limepigwa juu ya mti, rangi nyekundu na nyeusi, hapo ndipo njia ya juu inapoanzia.

kivu_tacoma

Jambo bandugu. Mimi ni wa Bukavu, tulienda na vijana wa kanisa Shi Shi tukalala siku mbili. Ni kuzuri sana, ile miamba ya Point of Arches iko kama mji wa mawe. Lakini njia iko na matope mingi, matope ya kuvuta kiatu, na mwisho munashuka mlima mukishikilia kamba. Na batoto badogo sishauri. Pia ile mwanzo wa njia ni udongo ya Wamakah, benyeji ba hapo, munalipa kibali yao dola 20 kwa gari na inatumika mwaka muzima, munainunua Neah Bay. Ni haki yao, tulipe bila kununa.

Juu ya dubu: beko, beusi, lakini sisi hatukuona hata moja. Wezi benyewe ni rakuni, kanyama ka porini. Usiku tulisikia kitu inagwaruza, asubuhi tukakuta alama ya vidole vidogo kama ya mtoto juu ya lile debe ya chakula. Alishindwa kufungua. Mwenzetu alikuwa ameacha mukate ndani ya begi, begi ilikuwa na tundu.

mama_wa_watatu

Hilo debe ndugu wa Bukavu anasema ni lazima kisheria pwani yote, si ombi. Ni la plastiki gumu na kifuniko cha kuzungusha, chakula chote na dawa ya meno na sabuni vinaingia humo. Kama huna, ulizia ile ofisi ya hifadhi ya Port Angeles inayohusika na vibali, nayo mnapitia njiani.

Kibali cha kulala unakata kwa mtandao, recreation.gov, dola 8 kwa mtu mzima kwa usiku na ada kidogo ya kubuku, watoto wa miaka 15 kushuka chini hawalipi. Kando na hiyo kuna kiingilio cha hifadhi, dola 30 gari, siku 7. Agosti nafasi za Ozette zinaisha haraka, usingoje wiki ya safari. Na sawa mzee, kwa kugawanya siku mbili nakubali, nilikuwa nafikiria kuzunguka mara moja.

Maji ya kunywa: vijito vya huko ni rangi ya chai sababu ya majani na mizizi, si uchafu, lakini chuja na uchemshe. Nguo za pamba acha nyumbani, zikilowa hazikauki, huko Forks mvua ya mwaka ni kama mita 3 na Agosti ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana.

baba_singida

Shikamoo mzee wa Pangani, na asanteni sana dada na ndugu yangu wa Bukavu, nimemsomea mke wangu yote. Tumeamua Ozette, kulala Cape Alava, kibali nimeshakipata cha Jumanne. Mtoto mkubwa ameuliza kama ni kweli kuna kijiji kilizikwa huko, kasoma sehemu.

Nimefungua jedwali la La Push kama ulivyosema. Siku yetu ya pili naona kupwa kubwa ni saa 7 na dakika 10, futi sifuri na nukta. Kwa hiyo tunakunywa chai taratibu, tunafunga tenti kama saa 4, saa 6 tunaanza ufukwe. Niko sahihi?

mzee_wa_pangani

Marahaba mwanangu. Hapana, rudi uangalie tena, imeandikwa 7:10 na pembeni yake AM. Hiyo ni saa 1 na dakika 10 asubuhi kwa saa zetu. Ungeanza kutembea saa 6 mchana ungekutana na maji yamejaa. Wengi wetu tunasoma namba ile tunaipeleka kwenye saa ya Kiswahili bila kujijua. Na hakikisha jedwali limeshahesabu ile saa moja wanayosogeza mbele kiangazi, mengine ya karatasi hayajahesabu.

Kwa hiyo siku ya pili amkeni saa 11 alfajiri, chai na mkate, saa 12 muwe mnatembea kuelekea kusini. Maji bado yanatoka, mawe yako wazi, mna saa nyingi mbele yenu. Baada ya maili moja hivi mtafika Wedding Rocks. Hapo msipite haraka. Watu wa kale wa Kimakah walichonga mawe, kuna nyangumi, kuna nyuso za watu, kuna na meli yenye matanga, bila shaka walichonga baada ya kuziona meli za wageni zikipita. Tafuteni taratibu mawe ya juu ya mstari wa maji, watoto ndio wanaoona kwanza. Msiguse, msipitishe chaki wala mkaa.

Na huyo mkubwa mwambie ni kweli. Kijiji cha Ozette kilikuwa hapo hapo Cape Alava mtakapolala. Karne kadhaa zilizopita mlima uliporomoka matope ukafukia nyumba za mbao na vitu vyote ndani, na kwa sababu matope yale hayapitishi hewa, vikapu, mikeka, makasia, hata kamba hazikuoza. Mwaka 1970 dhoruba ililiguguna lile gema vitu vikaanza kutokeza, Wamakah wakaita watafiti wa chuo kikuu cha Washington State, wakafukua pamoja miaka 11, wakapata vitu zaidi ya elfu 55. Vimebaki kwa wenyewe, kwenye jumba lao la makumbusho Neah Bay. Siku yako ya tatu wapeleke pale, si mbali. Mimi nilisimama mbele ya ndoana za samaki za mbao na mfupa na zile kamba zilizosokotwa kwa ganda la mwerezi nikamkumbuka baba yangu akisokota kamba za nazi kibarazani, mkono ni ule ule.

Moto wa kuni Cape Alava unaruhusiwa kwa magogo ya ufukweni, lakini kuanzia Wedding Rocks kushuka kusini kupita Sand Point ni marufuku, kwa hiyo chai ya siku ya pili iwe ya kwenye chupa.

La mwisho. Mkisikia ardhi inatikisika, acheni tenti na kila kitu, pandeni juu msituni mara moja, msisubiri kuambiwa. Waonyeshe watoto jioni mtakayofika ni njia ipi mtapanda nayo, mtembee nao hatua kadhaa mpaka waikariri, ndipo mle.

baba_singida

Nimeona sasa, AM kabisa. Nimeweka kengele ya saa 11 alfajiri na mke wangu ameweka ya kwake. Debe la chakula tutalichukua Port Angeles tukipita Jumanne asubuhi.