Ndege tatu za Truman: hasara za vita au uzembe?

Mleta mada: USS Harry S. Truman, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, ilipoteza ndege tatu za kivita aina ya F/A-18 katika Bahari ya Shamu: 22 Desemba 2024, kisha 28 Aprili na 6 Mei 2025. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen waliokuwa wakiishambulia, hawakudungua hata moja. Ya kwanza ilipigwa na meli ya wenzao, Gettysburg. Ya pili ilitumbukia pamoja na trekta iliyokuwa ikiivuta. Ya tatu ilishindwa kunaswa ikitua. Mnawezaje kuziita hizi hasara za vita?

Rada: Ya Desemba huwezi kuitenga na vita. Gettysburg ilitoka kukabiliana na droni na makombora, ikadhani ndege zinazorudi kutua ni makombora ya kupiga meli. Ndege inayokuja kutua hushuka ikielekea kwenye msafara, kwa hiyo kwenye skrini inatisha vilevile. Kinachoitofautisha ni kitambuzi cha rafiki na adui, pamoja na data ambazo meli zinapeana. Hivyo vikiyumba, kapteni amebaki na sekunde. Kombora la pili la Gettysburg liliikosa ndege nyingine chupuchupu.

Sitaha: Na Aprili? Ndege haivutwi ikiwa na minyororo. Anayeishikilia ni mtu aliyekaa kwenye chumba cha rubani, mguu kwenye breki. Meli ikakata kona kali kukwepa shambulio, ikalala upande, breki hazikushika, na ndege ya zaidi ya tani 14 ikaenda. Bahati yao, waliokuwa wakiisogeza waliruka. Ni kweli waliokuwa usukani na waliokuwa kwenye banda la ndege hawakupashana habari ipasavyo. Lakini kona ile aliisababisha nani?

Rada: Ya Mei ndiyo nampa mleta mada. Rubani akigusa sitaha hufungua injini hadi mwisho, ili ndoano ya ndege ikikosa waya wa kuisimamisha uliotandazwa sitahani apae tena. Safari hii ndoano ilishika, mwendo ukapungua, ndipo mtambo wa kunasa ukaachia. Kupaa hawezi, kusimama hawezi. Kilichobaki ni kiti cha kujirusha. Chanzo ni matengenezo mabaya ya sehemu ya kapi inayopunguza mshtuko! Hapo Mhouthi haingii, labda useme ratiba ya vita iliwanyima mafundi muda.

Mleta mada: Basi Aprili nawaachia. Desemba bado nabisha: zile ndege zilipaa kutoka meli ya kundi lilelile, na saa za kutua hupangwa. Kama kitambuzi kina hitilafu, unauliza kwa redio kwanza.

Sitaha: Kombora la kweli halikusubiri ujibiwe.