MJADALA: Spider-Man wawili komiki moja, nani anafaidika?

Wakuu, mwaka 2017 kampuni ya komiki ya Marvel walitoa Spider-Men II, matoleo matano, mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli, walewale waliomleta Miles Morales mwaka 2011. Humo Peter Parker, Spider-Man wa kwanza, na Miles, dogo ambaye naye ni Spider-Man, wanakabiliana na adui mpya: mtu mzima mwenye kovu usoni, swahiba wa bosi wa majambazi Wilson Fisk tangu jela. Jina lake? Miles Morales.

Wazo tamu kweli. Dogo kahamia dunia ya Peter baada ya dunia yake kusambaratika, anakuta kumbe kuna mwenye jina lake aliyeishi hapo kabla yake, na ni jambazi. Sasa Peter anatafuta nini hapo? Hana kisa na huyo mtu. Anarusha utando, anatania, anashauri. Kila Miles akitaka kung'ara analetewa mlezi. Na Miles ana uwezo ambao Peter hana: anatoweka machoni pa watu, na mguso wake ni shoti ya umeme. Huyu adui angeachiwa yeye.

Mnasemaje?

— Mleta mada, umeisahau Spider-Men ya 2012. Peter anaangukia dunia ambayo Peter wa huko alishakufa. Anakutana na Miles, dogo anampiga shoti, jamaa anazima. Halafu Peter anasimama uso kwa uso na Shangazi May aliyemlea na Gwen Stacy, mpenzi wake wa zamani, wa dunia hiyo, watu waliokwisha kumzika Peter wao! Adui alikuwa Mysterio, wa zamani kabisa, wala hakuna anayemjali. Kuwapanga wawili si kosa, ilimradi kuwe na sababu.

— Mimi tatizo langu ni jina la Spider-Man. Peter yupo tangu 1962. Dogo apewe jina lake, mambo yaishe. Stelingi wawili jina moja ni kuuza komiki tu.

— Mkuu wa jina, hapo sikubaliani. Miles alilichukua jina baada ya mwenyewe, Peter wa dunia yake, kuuawa, hakuiba. Huku kwetu mjukuu anaitwa Juma na babu yake Juma yupo kibarazani, na hakuna anayewachanganya. Na kama ni kuuza, komiki gani haiuzwi?

Mkuu wa 2012, ile naipenda. Ila angalia anayeumia pale ni nani: Peter. Ilikuwa hadithi ya Peter, Miles akiwa mwenyeji wake, na haki yake. Basi 2017 ilikuwa zamu ya Miles kuumia. Badala yake, mwenye kisa kizito ni adui: kafiwa na mpenzi, anasaka njia ya kwenda dunia nyingine ambako yupo hai, na mwisho anaondoka kumfuata. Dogo mwenye jina kwenye jalada katoka na nini? Anayejua aniwekee hapa.