Mumiani kwenye hadithi za kutisha: mwandishi ana haki ya kumfanya awe wa kweli?

MLETA MADA, DODOMA

Wakuu, nimemaliza kusoma mkusanyiko wa kwanza wa hadithi fupi za kutisha wa kijana mmoja wa hapa hapa nchini. Jina lake nitalihifadhi. Ndiyo kwanza anaanza, na nisingependa watu wamjue kwa lawama kabla hawajamjua kwa kazi.

Na kazi anaijua. Kuna hadithi ya mama anayesikia kinu kikitwangwa usiku kwenye nyumba ya jirani aliyehama. Haoni kitu, anasikia tu michi miwili ikipokezana, mmoja unatua kwa nguvu, mwingine kilegevu kama umeshikwa na mtoto. Usiku wa tatu ule mzito unanyamaza, ule wa mtoto unaendelea peke yake. Basi, imeisha. Niliisoma umeme umekatika, nikabeba shuka langu nikaenda kulala chumba cha wadogo zangu.

Shida yangu ni hadithi ya saba, ya mumiani, wale watu wanaosemwa kunyonya damu za wenzao. Gari jeupe linaingia kijijini, wanashuka wageni watatu. Wana vifuko vya nailoni na chuma kirefu chenye ncha. Bibi mmoja anapiga yowe, wanaume wanatoka na mapanga, wageni wanauawa. Ukurasa wa mwisho buti ya gari inafunguliwa, na ndani mna chupa za damu zimepangwa kama soda kwenye kreti. Maana yake bibi alikuwa sahihi, na wenye mapanga walikuwa sahihi.

Mimi ni afisa ugani. Vile vifuko vya nailoni ninavyo, na kile chuma ninacho, ni cha kutobolea udongo. Unakishindilia sentimeta ishirini, unakizungusha, unakitoa, udongo unautia kwenye ndoo. Unarudia sehemu kumi au kumi na tano za shamba, unachanganya, unachukua kama nusu kilo, unaandika jina la mkulima kwenye kifuko. Ndiyo kazi yote.

Tarehe 1 Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walikuja kuchukua sampuli za udongo katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, mkoani kwetu. Likapigwa yowe kwamba ni wanyonya damu. Waliuawa wote watatu na gari lao likachomwa moto.

Kwa hiyo nikifika kwenye zile chupa, siogopi kama alivyokusudia mwandishi. Naona watu watatu wanauawa mara ya pili, na safari hii wauaji wanapewa ushahidi. Nauliza: ni haki hadithi kuthibitisha uvumi ambao bado unaua? Karibuni.

MCHANGIAJI, TANGA

Dada yangu, pole kwa uliyoyabeba, lakini hapa nakataa. Hadithi si taarifa ya habari. Mimi nimekulia kwa bibi aliyetusimulia majini wenye kwato na wachawi wa Giningi, ule mji wao wa hadithini, na kila hadithi ilikuwa na mchawi wa kweli, siyo wa kusingiziwa. Tulitetemeka, tukalala, asubuhi tukaenda kuchota maji. Sijawahi kumpiga mtu panga.

Halafu tuwe wakweli. Waliofanya yale mauaji walisoma kitabu gani? Uvumi wa mumiani ulikuwepo kabla babu zetu hawajazaliwa, unatembea kwa mdomo, hauhitaji mchapishaji. Ukimwambia mwandishi huyu afute hadithi ya saba, kesho mwingine ataambiwa afute mzimu, keshokutwa jini, na tutabaki na vitabu vya kutisha ambavyo kinachotisha ni bei tu.

MLETA MADA

Kaka, sijasema afute. Na wachawi wa Giningi wa bibi yako walikaa Giningi, hakuna gari linalofika huko. Huyu kaweka gari la ofisi, vifuko vya ofisi na kazi ambayo watu wanaifanya leo asubuhi.

MWALIMU WA FASIHI, SINGIDA

Naomba niseme nilichokiona, maana hiyo hadithi niliisoma darasani, kidato cha tatu, kabla ya mada hii. Nilisoma kwa sauti, dakika ishirini hivi. Darasa la watu hamsini na kitu, hata dawati halikulia. Nilipofika kwenye kreti, kijana mmoja wa nyuma akasema taratibu, siyo kwa utani: "Si unaona mwalimu, walikuwa wa kweli." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Kaka wa Tanga, yule kijana hajui kwamba anasoma uvumi. Mjomba wake kamwambia mumiani wapo, jirani kamwambia, sasa na kitabu kimemwambia, tena kitabu kilicholetwa na mwalimu. Neno la mdomo likishapigwa chapa hubadilika uzito, sisi walimu tunaliona kila siku.

Lakini sikukitoa kitabu darasani. Siku iliyofuata niliwataka waandike ukurasa mmoja, hadithi ile ile ikisimuliwa na dereva. Msichana mmoja aliandika kwamba dereva aliposikia yowe alidhani kuna mtoto katumbukia kisimani, akazima gari ili ashuke kusaidia. Tangu hapo najiuliza kwa nini mwandishi mwenye kipaji kile hakuliona hilo.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Mwaongea kama kwamba mumiani ni ujinga mtupu wa watu wa mashambani. Nami naomba tumheshimu kidogo huyo mumiani, ana historia yake.

Neno lenyewe lilitoka Uajemi, na mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi kama ulimbo mgumu, watu wakikitumia kwa maumivu na mifupa iliyovunjika. Kamusi za zamani za Kiswahili zaieleza hivyo, na zasema pia kwamba watu waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Enzi za Mwingereza, Nairobi hadi Kampala, walioogopwa walikuwa wazima moto. Watu walisema wakamata wapita njia usiku na kuwatoa damu.

Haikuwa kweli. Lakini jiulizeni, kwa nini hofu ilivaa sare za serikali? Kwa sababu kweli kulikuwa na wageni waliokuja na magari, wakachukua kodi, ardhi, na vijana wa kubeba mizigo ya vita, wala hakuna aliyeelezwa chochote. Aliyesema "wananyonya damu yetu" alikuwa akieleza jambo alilolijua mwilini. Mwandishi akizifungua zile chupa, mimi naliona hilo, hasira ya mtu ambaye kila gari linalokuja kwake huja kuchukua. Mkimlazimisha aseme "ilikuwa uvumi tu," mwafunika na hilo pia.

MCHANGIAJI, UNGUJA

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa. Popobawa, lile pepo linalosemwa kuvamia watu usiku, alianzia Pemba akavuka kuja kwetu. Tulilala nje, mikeka imebanana, wanaume wamewasha moto, mama kanifunga kanga mkononi mwake ili nisipotee. Kwa mtoto ilikuwa karibu na sikukuu.

Kisha watu wakamuua mtu wakisema ndiye. Alikuwa mgonjwa wa akili, kaja kutoka Bara kutafuta matibabu. Nilisikia wakubwa wakilizungumza kwa sauti ya chini, na baada ya hapo moto ulizimwa mapema.

Nimesoma hadithi nyingi za popobawa tangu hapo. Zote zina mbawa, zina harufu, zina jicho moja. Sijaona hata moja yenye yule mgonjwa.

MCHANGIAJI, TANGA

Hilo la Unguja limenikaa. Bado sitaki mtu wa kumpangia mwandishi nini aandike. Ila nakubali kwamba nilipotaja hadithi za bibi sikuwahi kujiuliza yule mchawi alikuwa mama wa nani. Huko Usukumani, bibi wa watu wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa kuni.

MLETA MADA

Shangazi wa Mombasa, shikamoo. Umenifundisha, na nakubali hofu ile ina mizizi. Lakini wale watatu wa Chamwino hawakuwa wakoloni. Kupima udongo ni ili mkulima ajue atie mbolea gani, asitupe hela. Hasira ya haki ilishukia watu wasiohusika, na hadithi yenye kreti inaitetea hasira bila kuwatazama walioangukiwa.

Tena nazungumza kama msomaji, siyo kama afisa. Mwandishi aliyenihamisha chumba kwa mlio wa mchi tu alikuwa na buti mkononi mwake. Angeifungua tukute ndoo, vifuko vimeandikwa majina ya wakulima wa kijiji kile kile, na mmoja wa waliosimama pale na panga asome jina lake mwenyewe. Hiyo nisingelala wiki nzima. Kwa kuweka chupa alitupa nafuu, tukashusha pumzi kwamba kumbe walistahili. Hadithi ya kutisha inatupaje nafuu?

MWALIMU WA FASIHI, SINGIDA

Bibi shamba, hapo umemaliza darasa langu la Jumatatu. Litajwe jina la kitabu basi, wanunue wasome wenyewe, kijana asife njaa.

MLETA MADA

Nitakutumia pembeni, mwalimu, na nimeshamwandikia mwenyewe kumweleza haya yote. Amejibu kwamba Chamwino alikuwa hajaisikia. Mwaka 2016 alikuwa darasa la sita.

Naomba niishie hapa leo. Kesho natoka alfajiri kwenda kuchukua sampuli kitongoji cha mbali. Barua ya mtendaji ninayo, mwenyekiti ameahidi kutupokea barabarani, na nimemwomba atembee mbele ya gari.