Paka mpole mwenye manyoya ya mawimbi kwa nyumba yenye watoto

Mama Nasra
Ndugu zangu, habari za leo. Tunaishi Leicester, Uingereza, na watoto wawili, wa miaka 3 na 6. Wameomba paka mwenye manyoya yaliyojikunja, ila mdogo bado hajajua kumshika mnyama taratibu, na baba yao hupiga chafya kila akikaa karibu na paka. Naomba ushauri: ni aina ipi iliyo na upole zaidi, na je, ni kweli kwamba paka hawa hawaleti mzio?

Bi Rukia
Dada yangu, chukua Selkirk Rex. Asili yake ni jimbo la Montana, Marekani, ambako mwaka 1987 alizaliwa paka jike wa mawimbi, na mfugaji Jeri Newman akampandisha kwa dume la Kiajemi. Ndiyo maana hadi leo kizazi chake ni kinene, kina mwendo wa pole na uvumilivu mwingi. Wa kwetu akibebwa kombo na mtoto hulegeza mwili tu, akangoja ashushwe. Mchane kwa chanuo la meno mapana, kwa kuwa brashi ya kila siku huyafumua mawimbi, na usishtuke ukiona masharubu yake yamejipinda na kukatika, kwani ndivyo alivyoumbwa.

Baba Imani
Nakubaliana na Bi Rukia kwa ajili ya huyo wa miaka 3. Hata hivyo, Devon Rex, aliyeanzia Buckfastleigh huko Devon mwaka 1960, naye ana mapenzi makubwa kwa watu: hupanda begani, hufuata watoto chumba hadi chumba. Tatizo ni kwamba hatulii, manyoya yake ni mafupi na mepesi hivi kwamba baridi humpata upesi, na masikio yake makubwa hujaa nta inayohitaji kusafishwa. Ningemsubiri hadi watoto wakue kidogo.

Salma
Mama Nasra, kuhusu mzio, tafadhali msidanganywe na muuzaji yeyote. Kinachomfanya mtu apige chafya ni protini iliyomo katika mate na ngozi ya paka, ambayo hubaki kwenye manyoya anapojilamba, na hakuna aina isiyokuwa nayo kabisa, iwe ya mawimbi au ya manyoya yaliyonyooka. Kabla ya kulipa chochote, baba wa watoto akae kwa mfugaji saa kadhaa, tena zaidi ya siku moja, amshike huyo huyo paka mnayemtaka. Na kwa kuwa Selkirk ana damu ya Kiajemi, anaweza kurithi ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo. Ombeni kuona majibu ya kipimo cha vinasaba cha wazazi wote wawili, na mfugaji akisitasita kuyatoa, tafuteni mwingine.