MJADALA: Maziwe ilizama kwa tabianchi au kwa mashoka yetu? Na mtaalamu akiwa na mashaka, aseme au anyamaze?

Mleta mada (Tanga mjini)

Wadau wa Tanga na mwambao wote salaam, kuna jambo linanikereketa tangu juzi naomba tulijadili bila matusi.

Mimi nanunua samaki pale Deep Sea, nikaalikwa semina ya mabadiliko ya tabianchi huko Pangani kama mdau (posho ilikuwepo, sisemi uongo). Mtoa mada akawasha projekta akaonesha picha ya Maziwe, hapo baharini mbele ya Pangani, akasema hiki kilikuwa kisiwa, kina miti, kasa wanataga, leo limebaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu, bahari imekimeza kwa sababu ya joto la dunia. Watu kimya. Mzee mmoja huko nyuma na kanzu yake akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, ile miti ya mivinje tulikata sisi." Ukumbi mzima kicheko, mtaalamu naye akacheka kidogo halafu akaruka slaidi inayofuata. Basi bwana, toka hapo hakuna aliyemsikiliza tena, hata alipofika kwenye mambo ya kweli kabisa watu walikuwa wanaulizana chakula kinakuja saa ngapi.

Mimi msimamo wangu ni kwamba yule mtaalamu alijiharibia mwenyewe. Maziwe ilipotea mwishoni mwa miaka ya 70. Bahari ya dunia nzima imepanda kama sentimita 20 kuanzia 1901 mpaka 2018, hiyo ni hesabu ya IPCC, lile jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mpaka Maziwe inazama zilikuwa hazijafika hata hizo 20. Kisiwa chenye mizizi inayoshika mchanga kingeweza kuvumilia, kisiwa kilichovuliwa nguo ni habari nyingine. Yaani jibu la kweli ni kwamba mkono wetu umo na bahari imo, na mgawanyo wake hakuna wa kukutajia kwa namba. Hilo lilikuwa linasemeka kwa dakika moja tu na yule mzee angeitikia kwa kichwa. Badala yake tukapewa hadithi iliyonyooka kama reli.

Sasa nauliza, asiye na uhakika aseme hana, au anyooshe maneno ili watu wachukue hatua?

Mkulima wa Muheza

Mkuu nakupinga. Mashaka waachie wenyewe huko vyuoni. Mimi nikiambiwa "mvua za wastani hadi juu ya wastani" nipande nini? Wastani upi? 2015 tuliimbiwa El Nino mpaka redio zikachoka, nikachimba mitaro nikachelewesha mbegu, mvua ikaja ya kawaida tu. 2019 hakuna aliyetaja El Nino na vuli ikanifagilia mahindi yote. Bora mtu aniambie panda au usipande, akikosea nitamlaumu, lakini angalau nimejua moja.

Mleta mada

Mkulima nakuelewa kabisa ila hiyo mifano yako inanisaidia mimi. Mvua zetu za vuli haziiangalii El Nino peke yake, yaani yale maji ya Pasifiki kupata joto, zinaangalia sana hii Bahari ya Hindi yetu, kama maji upande wetu huku yana joto kuliko upande wa Indonesia mvua inazidi. 1997 vyote viwili vilikutana, ndo ile mafuriko kila mtu anayakumbuka. 2015 El Nino ilikuwa kali sana lakini Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu. 2019 kinyume chake, El Nino haikuwepo ya maana ila Bahari ya Hindi ilichachamaa. 2023 vikakutana tena. Sasa angalia, mtu aliyekwambia 2015 "El Nino inakuja, mafuriko hayo" ndo alikunyooshea maneno kama unavyotaka, na ndo amekufanya leo huamini kitu. Angekwambia El Nino ipo kwa hakika, ila bado tunaitazama Bahari ya Hindi, ungechimba mitaro na mbegu ungepanda kwa wakati.

Na hilo la wastani una haki ya kulalamika. TMA, yaani mamlaka ya hali ya hewa, wanaposema wastani wanamaanisha kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ya miaka mingi ya eneo husika. Asilimia 75 na 125 ni mbingu na ardhi kwa mwenye mahindi! Hiyo ielezwe redioni kila msimu, isiishie kwenye taarifa ya kurasa kumi.

Mmakonde wa Chumbageni

Mimi kwetu Mtwara. Aprili 2019 tukaambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja, watu wa mabondeni wahame, mama yangu mtu mzima akabeba godoro kichwani. Kenneth ikapiga Msumbiji. Kesho yake watu wanatania vijiweni, oh serikali inatisha watu, oh kimbunga kimeogopa korosho. Wakati huohuo ng'ambo ya Ruvuma huko Cabo Delgado kimeua watu makumi na kung'oa mapaa. Kwenye ramani hapo ni umbali wa kidole. Nyie mnaobishana mjue kukosa kwa kimbunga hakumaanishi mtabiri alidanganya.

Ila 2021 nayo ikaja Jobo, tahadhari tena, ikaishiwa nguvu kabla haijafika. Mara mbili hiyo. 2024 waliposema Hidaya wangapi walisema aah hawa nao? Hidaya ikaingia kweli, Mafia ikaipata, barabara ya Kusini ikakatika Somanga watu wakakwama na mabasi. Mimi ndo nasema ile lugha ya "kimbunga KITAPIGA" ndo inatumaliza. Semeni uwezekano wa kutokea na ukubwa wa athari, vitu viwili, mbona TMA wenyewe siku hizi wanaandika hivyo kwenye tahadhari, ni hawa wanaosambaza kwenye WhatsApp ndo wanafuta mstari wa uwezekano na kubakiza picha ya mawimbi ya sijui nchi gani.

Mama Mwani, Mlingotini Bagamoyo

Hodi jamani. Sisi wa mwani hamjatuuliza. Ile aina ya mwani ya kottonii yenye bei nzuri inatufia, maji yakichemka inaoza kamba zima jeupe, unabaki na spinosamu ambayo bei yake ni ya kuonea huruma. Wamekuja wataalamu wa kila aina. Kuna waliosema hameni mwende kina kirefu mtapata tu, tukakopa vifaa, wengi wetu hata kuogelea hatujui, haikuwa rahisi hivyo walivyosema. Kuna wengine wakaja wakasema kweli kabisa mama, maji yanapata joto hilo tumelipima, ila njia hii bado tunajaribu, inaweza ikakataa. Hao ndo mpaka leo wakija tunawapikia. Wanangu, mtu wa pwani hajazaliwa jana, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, anaijua tarehe yake, kaskazi anajua inakuja lakini siku yenyewe hakuapii mtu. Hayo mashaka tunaishi nayo kila siku, msitufanye watoto.

Msema Kweli

Porojo tu hizi. Vimbunga vilikuwepo toka enzi za babu zetu, 1872 kilipiga Unguja na hapohapo Bagamoyo kwa Mama Mwani, misheni ikabomoka, merikebu za Sultani Seyyid Barghash zikazama, mikarafuu ikalala chini. Kulikuwa na magari mangapi 1872? Na hao wataalamu wenyewe modeli zao, hizo hesabu za kompyuta, zinasema mvua Afrika Mashariki itaongezeka, mbona masika ilikuwa inapungua? Wanabahatisha, wanataka fedha za mradi.

Mleta mada

Msema Kweli hoja zako zote mbili ni za kweli na bado hujafika. 1872 ipo, na Lindi 1952 pia. Ndo maana mtu akisimama kwenye semina akasema "haijawahi kutokea" namkatalia hapohapo. Lakini nyumba kuungua zamani kwa radi hakukuzuii leo kuungua kwa jiko la gesi.

Na la masika, wala siyo siri uliyoifichua. Wanasayansi wenyewe wanaliandika kama kitendawili, kwamba vipimo kuanzia miaka ya 80 mpaka 2000 na kitu vilionesha masika ya Afrika Mashariki inashuka huku modeli nyingi zinasema mbele mvua itaongezeka. Hawajamaliza kubishana. Ila hawabishani kwamba dunia imepata joto na binadamu ndo chanzo, hilo IPCC 2021 waliliandika bila "huenda" hata moja. Huwezi kuchukua mashaka ya mvua ya Handeni ukayahamishia kwenye joto la dunia.

Tatizo jingine ni lugha yenyewe. Wale IPCC wana ngazi, neno moja maana yake angalau asilimia 66, jingine 90, jingine 99. Zikishuka mpaka kwetu zote zinakuwa "huenda". Halafu MC anamalizia inshallah na mkulima anaenda nyumbani na huenda yake mfukoni. Hilo ni kosa letu waswahili pia, maneno tunayo, yamkini siyo labda, na labda siyo bila shaka.

Mkulima wa Muheza

Sawa mkuu nakubali nusu. Ila bado nawadai jibu, nipande au nisipande?

Mleta mada

Hahaha mimi muuza samaki kaka. Kama ningekuwa na ekari tatu ningepanda mbili mbegu ya muda mfupi ile inayowahi, moja mtama au muhogo, nisubiri. Bwana shamba wako akipinga msikilize yeye.

Jumapili ni bamvua, maji yatapwa sana, nimemwomba yule mzee wa kanzu twende Maziwe na mashua ya jirani yake akanioneshe mivinje ilisimama wapi. Amekubali ila kasema kama upepo utaruhusu.